Ungo Uliobaki Pichani

Serikali ya mtaa wetu, hapa Sumbawanga mjini, inawatangazia wakazi wote kwamba ndani ya mipaka ya mtaa hakuna mtu anayepaa, hajapata kuwapo, wala hatarajiwi. Mkazi atakayeona picha ya mtu aliye hewani atambue kuwa huo ni ufundi wa kamera, na aendelee na shughuli zake bila hofu. Tangazo limegongwa muhuri na kubandikwa mlangoni mwa ofisi. Mwenyekiti Adolfu alilisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuogopa kitu.

Aliyesababisha tangazo ni Scola, mpiga picha, mtoto wa wakulima wa Msanzi. Amepanga chumba cha uani kwa Mzee Ridhiwani, mwenye duka la jumla. Chumba hicho ndicho nyumba na ndicho studio: kitanda nyuma ya pazia, mbele ukuta mweupe. Hapo hupiga picha za paspoti, za mahafali, na za watoto wa ubatizo wanaolia. Ni kazi ya kuwaambia watu watulie. Labda ndiyo maana Jumapili, asipokuwa na mteja, alianza kutamani kumpiga mtu asiyegusa chini.

Kwanza walijaribu kuruka. Naima, binti wa Mzee Ridhiwani, aliruka mpaka kuku wakahama uani. Flashi ilimkamata hewani vizuri kabisa, ila kila picha ilionyesha mtu aliyeruka: mashavu yamevimba, meno nje, kanga imeshika njia yake.

"Dada Scola, hapa nimepaa au nimekanyaga moto?"

"Umekanyaga moto. Njoo, tutumie stuli."

Kamera ikafungwa kwenye stendi isitikisike. Picha ya kwanza, chumba kitupu. Ya pili, Naima kalala kifudifudi juu ya stuli, miguu kainyoosha, kitabu mkononi. Kwenye kompyuta Scola akaziweka picha moja juu ya nyingine, akaifuta stuli taratibu. Kila palipofutwa, chumba kitupu cha chini kikajitokeza. Kilichomsumbua ni kivuli. Flashi ikimulika moja kwa moja, stuli inafutika lakini kivuli chake kinabaki ukutani kama shahidi. Inabidi mwanga uelekezwe kwenye kitu cheupe, urudi ukiwa laini. Wenye uwezo wana miavuli ya kazi hiyo. Scola aliazima ungo kwa Mama Steven, mke wa Mwenyekiti Adolfu, akautandika karatasi nyeupe ndani na kuusimamisha sakafuni, mgongo wake ukielekea kamera.

Ungo ukaonekana pichani, chini kidogo ya miguu ya Naima. Scola aliuona. Ila yeye alikuwa anafuta kilichombeba mtu, na ungo haukubeba mtu, basi akauacha.

Mgeni angeona chombo cha kupepetea maharage. Sisi ni watu wa Sumbawanga, mji ambao madereva wa malori hupunguza utani wakiukaribia, na tunajua ungo husemwa unafanya kazi gani nyingine: kuwasafirisha wachawi usiku.

Naima aliirusha picha kwa marafiki. Kabla ya magharibi ilikuwa imefika Muze, kule bondeni, na muuza mchele mmoja wa huko akampigia simu Mzee Ridhiwani kuuliza kama binti huyo akisafiri hulipa nauli. Mzee akavuka ua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Scola, binti yangu hajaolewa. Watu wanamwona yuko juu ya ungo."

"Ungo uko pembeni tu, baba. Naima yuko juu ya stuli."

"Stuli iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Basi futa na vyombo vyako. Ijumaa nikikute chumba kitupu."

Wenye nyumba wengine aliowafuata Scola walikuwa wamepata wapangaji ghafla. Na kwa mwanamke anayeishi peke yake, uvumi wa namna hiyo si lazima uishie kwenye kuhama. Akaenda kwa Mwenyekiti, akaomba mkutano.

Alhamisi akafunga stendi mbele ya ofisi na kuomba mtu wa kupandishwa hewani. Watu wakatazama viatu vyao.

"Kiongozi ni mfano!" mtu akasema kutoka nyuma.

Mwenyekiti akaketi kwenye stuli, akakunja miguu kama alivyoelekezwa. Flashi Scola akaielekeza kwenye ukuta wa ofisi uliopakwa chokaa.

"Mwenyekiti, ukifika juu niangalizie ndama wangu!" alipaza Shigela, mfugaji wa Kisukuma anayetuuzia maziwa. "Amepotea tangu jana!"

"Nyamaza wewe, usinitikise."

Watu wakaizunguka kompyuta. Stuli ikaanza kuliwa mguu mmoja mmoja, mpaka Mwenyekiti akabaki hewani na koti lake. Kicheko kikakatika.

"Mrudishe chini kwanza," bibi mmoja akasema, "ndipo tuongee."

Scola akairudisha stuli. Akaifuta tena, akairudisha tena. Ndipo Mzee Ridhiwani alipovaa miwani, akaomba ajaribu kwa mkono wake. Alifuta miguu yote, na kipande cha suruali ya Mwenyekiti.

"Kumbe ni kufuta tu," akasema. Akavua miwani. "Rudi nyumbani, Scola. Ila Naima mpige ameketi."

Kesho yake tangazo likaandikwa. Scola naye aliubandua ungo karatasi, akauosha na kuurudisha. Mama Steven alimpokea vizuri, mlangoni. "Kaa nao tu, mwanangu, bado una kazi nao." Wiki iliyofuata alirudi nao tena, akajibiwa hivyohivyo.

Nyumbani kwa Mwenyekiti siku hizi wananunua maharage yaliyokwisha kupepetwa.