Herufi Mbili kwenye Kioo

Vita ilikuwa imefunga barabara ya Bujumbura, na binti yangu alikuwa amepanda boti kwenda Kigoma akiwa na mimba kubwa. Mimi na mkwe wangu, mume wake, tulibaki Rumonge tukisubiri habari. Njia ya habari ilikuwa moja: kompyuta ya parokia, iliyofungwa kwenye radio ili ipokee barua kutoka parokia ya ng'ambo. Na kompyuta hiyo ilikuwa haiamki, tangu betri ilipokata katikati ya kazi.

Msifikiri ilikuwa kama za leo. Ilikuwa kibao kimoja kitupu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kimelala mezani na nyaya zake na kioo chake, kinakula umeme wa betri ya gari. Mfumo wake, waliouita Linux, ulikaa kwenye kadi ndogo kama biskuti. Mkwe wangu ndiye aliyeitunza. Ukiwasha, kioo kinaandika herufi mbili, L na I, halafu kimya. Zilitakiwa nne, ndipo Linux iamke. Hizo nilizisoma mwenyewe, darasa la pili lilinitosha.

Sasa, kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe. Nikiingia anasimama, anatazama ukuta, anatoka uani. Na mimi nilikuwa naingia. Kila nilipomaliza kugeuza ndagala, dagaa wangu, juani, nilikwenda kuuliza.

"Iko namna gani?"

"Bado, mama," anaujibu ukuta, anatoka.

Nikiondoka anarudi, anachomoa kadi, anaichomeka kwenye kompyuta kubwa ya padri, anaandika Linux upya, anairudisha. L, I. Akabadili betri. Akafuta kadi kwa shati. L, I.

Adhuhuri nikachoka. Nikavuta kigoda, nikakaa nimempa mgongo.

"Kaa, mutoto wa watu. Mimi sikuoni, wewe hunioni. Fanya kazi, na useme unachofanya, nijue hujalala."

"Mama, si vizuri."

"Vizuri ni mke wako kupotea?"

Nikasikia kiti. Akaanza kusema, taratibu, kama anaungama: nimeweka kadi, nimenakili Linux, sasa naichomoa. Sauti hiyo naitamani hadi leo. Miaka yote ya ukwe wetu, ndiyo mara pekee tuliyokaa pamoja mchana mzima, harufu ya mawese ikiingia dirishani, bunduki zimenyamaza huko milimani. Ghafla na yeye akanyamaza.

"Umelala?"

"Hapana, mama. Iko programu ndogo ya kuamsha, zile herufi nne ni jina lake, inakaa mwanzo wa kadi. Inakumbuka mahali Linux ilipo. Nikiiandika Linux upya, inahama, na ile programu inakwenda kubisha nyumba ya zamani. Lazima niiandike tena kila mara. Ni hapo unapoingia, nami natoka uani, nikirudi naona kama nimeshafanya."

"Basi leo hutoki."

Akaandika, akarudisha. Herufi nne, akaniambia, na mistari inateremka. Radio ikakohoa muda mrefu. Barua ilikuwa moja. Akasoma:

"Nimefika salama. Mwambie mama miguu imevimba, lakini mtoto anacheza tumboni. Na wewe, mume wangu, usiku…"

Akakwama.

"Soma ya kwangu tu," nikasema.

"Ya kwako imeisha, mama."

Nikainuka bila kugeuka, nikamfungia mlango, asome ya kwake.