Nilivyofanya Windows na Linux zisome database moja kwenye zahanati Bugolobi

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Leo nimekuja kujisifu. Mwamba ngoma huvutia kwake, mnivumilie. Ila yote haya yalinitokea mimi mwenyewe, nikiongeza chumvi mods wafute uzi.

Mimi ni binti wa askari polisi mstaafu, nimekulia Naguru. Code nimejifunza mwenyewe.

Kuna zahanati Bugolobi ambako mzee wangu hutibiwa presha. Mwenye nayo ni Mama Neema, nesi kutoka Kongo. Mapokezi wana kompyuta ya Windows, dirisha la dawa wana kuukuu ya Linux. Zilikuwa haziongei kabisa. Mgonjwa anaandikishwa mbele, halafu anabeba karatasi mwenyewe hadi kwenye dawa.

Siku moja mzee, kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi, akamwambia Mama Neema, "Mtoto yangu naweza tengeneza hiyo. Mimi nasema."

Mzee alikuwa hajawahi kunisifu mbele ya watu, hata nilipofaulu shule. Sasa nikishindwa, anayeaibika ni yeye.

Nikaandika program moja ya kufanya kazi kwenye Windows na Linux, ili mgonjwa akiandikishwa mbele aonekane hadi kwenye dawa. Kwenye laptop yangu yenye mifumo yote miwili ikakubali kote. Nikaenda Bugolobi na maringo yangu yote.

Windows, safi.

Linux ikagoma. Error ikasema haioni library (kifurushi cha code) ya kuunganisha database.

Fundi wao wa kompyuta akacheka. "Nnyabo (bibie), weka Windows kwa zote tuende nyumbani."

Mama Neema akaniangalia. "Dada, iko inawezekana ao tumuachie huyu?"

Nikaomba hadi kesho. Hasira niliyokuwa nayo, wacha tu! Ile mashine ni ya zamani, Windows ingeizika.

Nyumbani nikatulia nikasoma error yote. (Wengi wetu hatusomi, tunakopi tu na kupeleka Google.) Kumbe library yenyewe haikuwepo kwenye ile mashine. Kwangu ilikuwepo kwa sababu nilishaweka package za developer zamani. Zahanati wangekuwa nazo za nini?

Basi nikaiweka ndani ya folder la program yenyewe: ya Windows upande wake, ya Linux upande wake. Config ikawa inaangalia iko kwenye mfumo gani, inachukua inayohusika. Nikajaribu kwenye Linux mpya isiyo na kitu. Ikawaka.

Kesho yake tukaenda pamoja na mzee, siku yake ya dawa. Nikaweka program kwenye mashine zote mbili, Mama Neema akamwandikisha mzee mapokezi. Mzee akatembea kwa mwendo wake wa gwaride hadi dirishani. Kabla hajafungua mdomo, dada wa dawa akamwita jina, dawa ziko mkononi.

"Nani nakuambia mimi nakuja?"

"Kompyuta, ssebo (bwana)."

Mzee akawageukia wagonjwa wote kwenye benchi. "Hiyo kompyuta mtoto yangu natengeneza. Huyu hapa!"

Wakuu, nililia mbele ya watu na sikujificha.

Nilichojifunza: program ikikubali kwenye mashine yako, kazi bado. Ipeleke kwenye mashine tupu kwanza, ndipo uende kwa mteja.

Sasa wajuzi, nyie library zenu mnazifungashaje? Na wenye kutaka kunicheka karibuni pia, mimi nimeshaitwa mtoto wake mbele ya benchi zima.