Kisanduku cha Kurekodia Mechi Zetu

Papa, baba yetu, alikuwa safarini Isangi akinunua samaki, na alitamani kuona mechi za mpira ambazo mimi na dada yangu tulikuwa tunacheza kwa mashine ya mchezo kwenye televisheni ya nyumbani. Tulirekodi kwa simu tukamtumia, lakini alichoona ni mwanga wa dirisha kwenye kioo cha televisheni.

Nikaenda mtaa wa Makiso kwa muuza vyombo vya umeme. Alinionyesha kamera nzuri, kisha kisanduku kidogo cha kuunganisha mashine ya mchezo na kompyuta, ili mechi irekodiwe humo moja kwa moja. Kamera ilinivutia, ila ingenasa mwanga uleule. Nikachukua kisanduku.

Tulipounganisha nyaya zote, kompyuta ilibaki nyeusi. Nilikaribia kulia. Dada akapekua mipangilio ya mashine, akakuta kinga inayozuia kurekodi, akaizima. Uwanja ukatokea, kijani kabisa! Tukaweka maikrofoni juu ya mto wa kochi ili sauti zetu zisikike, tukacheza, tukamtumia papa video.

Kesho yake alipiga simu akicheka.

“Ile goli iko muzuri, mutoto yangu! Lakini ile sauti ya makelele iko ya nani?”

“Iko ya mama, papa.”

“Bon, mutume ingine. Na yeye acheze!”

Mama akaketi kati yetu, akauliza kitufe cha kupigia shuti ni kipi.