Kaburi Lisilo na Namba

Kampuni ya mgodi ilihesabu makaburi ya kijiji cha Ga-Mothwana kwa siku tatu, na kila kaburi likapigiwa kigingi chenye namba. Mia mbili na kumi na nne. Wafu wote hao wangehamishwa pamoja na jamaa zao hadi makazi mapya ng'ambo ya barabara ya lami, kila mmoja na jeneza jipya na mbuzi wake wa tambiko, kwa sababu chini ya kijiji kuna platinamu, na mwenye uchu wa platinamu hana muda wa kubembelezana na mtu. Raisibe alisimama mlango wa jikoni akiwatazama vijana wa vigingi wakikatiza nyuma ya nyumba yake. Walikanyaga pale pale, wakaenda zao wakipiga soga.

Pale kulikuwa na mwanawe.

Miaka kumi na tisa nyuma alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mumewe, Phineas, alikuwa Rustenburg akichimba utajiri wa watu wengine, na aliyemzalisha ni mama mkwe wake, Ngwakwana. Kwetu mtoto wa namna hiyo haliliwi. Wanawake humtia kwenye chungu, wakamzika nyuma ya nyumba, mahali penye unyevu, jua halijapanda. Mwanamume haambiwi kitu, sembuse ni wapi. Akijua, eti mvua hukasirika. Na udongo wenyewe usiachwe ukauke. Basi kila jioni Raisibe alimwaga maji ya vyombo pale, hata ile miaka ambayo bomba la serikali lilikohoa hewa tupu na maji yakawa ya kubeba kichwani kutoka mtoni. Phineas akiwa likizo alimgombeza: "We mwanamke, nyanya zinakufa huku, wewe unanywesha vumbi!" Naye alinyamaza. Kunyamaza alikujua vizuri mno, ndiyo kazi ya kwanza aliyofundishwa alipoolewa.

Siku ya nne alipiga moyo konde, akamwendea Kholofelo, yule dada wa kampuni aliyekaa chini ya turubai na kishikwambi chake.

"Dada, lipo moja mmelisahau."

"Lina jiwe, mama? Lina msalaba?"

"Halina kitu. Ni la mtoto mchanga."

Kholofelo hakumcheka. Alimweleza kwamba kaburi lisilo na alama huandikwa endapo mtu mmoja aliyeshiriki kuzika atasimama barazani, mbele ya jumbe, aseme alikuwepo. Mtu mmoja tu anatosha. Ila orodha inafungwa Jumamosi.

Wanawake waliozika walikuwa wawili. Mmoja alishakufa, naye ana kigingi chake. Aliyebaki ni Ngwakwana.

Raisibe alimkuta anapukuchua mahindi uani, akapiga magoti, akamwambia shida yake. Bibi kizee aliendelea kupukuchua.

"Unataka nikayaseme hayo mbele ya masuruali?"

"Mara moja tu, mama. Nisimwache peke yake huku."

"Jumamosi nitakuja barazani," Ngwakwana akasema. Raisibe akashukuru kwa kupiga makofi mawili ya heshima, moyo mweupe. Masikini, alidhani amekubaliwa.

Jumamosi wanaume walikaa kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka, kama kawaida yetu. Raisibe alisema aliyokuja kusema, macho kwenye mavumbi. Hakumaliza vizuri, Sekete, mtu asiyeacha mzaha hata msibani, akadakia:

"Ehee! Na mimi nina kuku wangu nilimfukia uani mwaka juzi. Dada, hebu muandike, naye apate mbuzi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mwingine akasema, "Muacheni, ana hamu ya nyama huyo!" Hata wanawake walicheka, wakiziba midomo kwa kanga za mabegani, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na chungu chao nyuma ya nyumba. Nawajua. Walicheka kuliko wengine.

Phineas, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliinuka, uso umemwiva kwa aibu.

"Jumbe, mke wangu amenizalia watoto watatu, wote wazima. Huyo wa nne namsikia leo, kama mnavyomsikia ninyi." Akakaa. Hakumtazama mkewe.

"Haya, nani alikuwepo?" jumbe akauliza.

"Mama mkwe," Raisibe akasema.

Ngwakwana alijikongoja akasimama na mkongojo wake. Alimtazama mwanawe, akautazama ule msitu wa viti.

"Huyu binti alikuwa na homa kali siku hizo," akasema. "Aliota mengi. Mimi sijazika mtu pale."

Kholofelo aligusa kishikwambi chake. Orodha ikafungwa.

Njiani Raisibe alimpita Ngwakwana, kisha akageuka akamzibia njia.

"Mama, umeniua."

"Wewe una mmoja," Ngwakwana akasema. "Mimi nimezika arobaini na mmoja kijiji hiki, na wawili ni wangu mwenyewe. Ningesema ndiyo kwako, jioni hii kila mume angekwenda kumbana mkewe. Na mvua isiponyesha, nani angeitwa mchawi? Si sisi?"

"Kwa hiyo wote wazolewe na katapila?"

"Wazolewe." Midomo ilimcheza, lakini alilisema.

Raisibe alimchukia papo hapo, chuki ya kweli kweli, na bado haikumtosha. Aliwachukia na waliocheka, akaichukia na ile mvua yenye masharti mengi kuliko serikali.

Kesho yake, wengine wakiwa kanisani, alichukua jembe mwenyewe. Liwalo na liwe. Alichimba hadi kiunoni, akatupa jembe, akaendelea kwa mikono. Alipata vigae viwili vya chungu. Alipekua tena, akapepeta udongo kwenye ungo, akauponda kwa vidole. Ulikuwa tope jeusi, laini, la miaka yote hiyo, na hakuweza kujua lipi ni tope na lipi ni mtoto. Alikuwa amekuja na shuka jeupe la kumfungia. Sasa achote lipi?

Alipoinua kichwa, Phineas alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, kofia mkononi. Aliviona vigae.

"Raisibe," akasema polepole. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi, na kidole gumba alikikunja ndani ya kiganja. Raisibe alikuwa amempa na jina, akalitunza miaka kumi na tisa, akimngoja mtu huyu huyu amuulize swali hili hili.

"Kamuulize mama yako," akasema, akachukua jembe, akaanza kufukia.