Karatasi Mbili za Baba Yake

Mwalimu wa Kiingereza niliyejuana naye Riyadh alifariki mwezi uliopita. Binti yake alinipigia simu kutoka Tanga, akaniomba nimsaidie kufuatilia makaratasi, maana huku Saudia hawana ndugu. Nilitoka Bani Malik, Jeddah, nikapanda basi la Riyadh, na njia nzima nikawa naikumbuka ile shaka ya mwalimu isiyokwisha.

Tulijuana Batha, mtaa mmoja wa Riyadh, mwaka niliofika. Nilikuwa nimeshika kalamu nitie sahihi mkataba wa kazi, akaniuliza, "Bwana, upande wa Kiarabu umeusoma?" Nikamjibu kwamba Kiingereza kinatosha. "Hakitoshi hata kidogo! Unadhani wameandika mara mbili kwa mapambo?" Nilimwona mzee mwenye wasiwasi wa bure, na kusema kweli alinichosha.

Miaka ilipita ndipo akanieleza. Baba yake alikuwa mkalimani wa wakoloni. Serikali ya London ilikubali kugharimia chuo cha ualimu kwa sharti moja, kwamba wenyeji watoe ardhi kwa hiari yao. Wazee wa kijiji chenye ardhi hiyo wakasomewa karatasi ya Kiswahili iliyosema wanaazimisha shamba. Ya Kiingereza, iliyopelekwa London, ilisema wamelitoa moja kwa moja. Fedha zikaja, chuo kikajengwa, wazee wakahamishwa. "Zote mbili ni mwandiko wa baba," aliniambia. "Na mimi nimesoma chuo hichohicho, bila ada. Mpaka leo sijui kama alidanganya au alidanganywa." Niliona jinsi jambo lile lilivyomtafuna, nikamhurumia.

Nilipofika Riyadh, ofisini kwa mwajiri wa marehemu, karani alinisogezea fomu. "Yalla, sahihi hapa, halas," yaani nifanye haraka, yaishe. Kiingereza kilisema familia inaomba mwili urudishwe Tanga. Kiarabu nimekiokota huku huku, basi nikakisoma polepole, kidole kwenye mstari. Kilisema familia imeridhia azikwe Riyadh. Nilipouliza, karani akacheka, akasema fomu ni ya kawaida na kila mtu huitia sahihi. Labda hata yeye hakuwahi kuisoma. Sikumwamini, na bado simwamini.

Niliiweka kalamu chini. Fomu nyingine ilipatikana baada ya siku tatu za kuzungushwa, na mwalimu akazikwa kwao, karibu na baba yake. Wasomaji wangu, mkishika kalamu kwa niaba ya wengine, someni pande zote mbili. Mkikosea ninyi, watakaohamishwa ni wao.