Nyumba ya Serikali Ina Mlango Mmoja

Jamani, leo nimetoka nyumbani kwangu kwa kupitia dirishani.

Si mwizi. Ni baba mkwe! Katoka Tukuyu bila taarifa, akaketi pale pale mlangoni.

Na sisi Wanyakyusa mnatujua: mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Sasa hizi nyumba mpya, ambazo serikali imetujengea sisi wa mishahara midogo hapa Mbeya, zina mlango mmoja tu.

Basi nimejikunja kwenye maboga nyuma ya nyumba, nasikia mkaguzi wa nyumba za serikali anafika.

"Mkeo yuko wapi?" anamuuliza mume wangu.

Nyumba hizi wanapewa wenye wake tu. Juzi jirani katolewa vyombo nje, kumbe "mke" wake alikuwa dada yake.

"Yupo, bwana."

"Basi nimwone."

Nikitokea, namvunjia mzee heshima. Nisipotokea, nyumba imekwenda.

Mzee mwenyewe ndiye aliyekohoa.

"Zunguka nyuma, bwana. Mimi sigeuki."

Mkaguzi kanikuta nimejifunika kanga kichwani, majani ya maboga hadi masikioni. Kanitazama mimi. Kalitazama dirisha. Kaandika maneno marefu kwa Kiingereza, huyo akaenda zake.

Kaandika nini? Mume wangu hajui, nami sijui.

Na mzee anasema atakaa wiki mbili.

Wenzangu, niambieni: huyo aliyechora nyumba hizi, kwao hakuna wakwe?