Adhana ya Uani

Baba yangu alitolewa tezi dume miaka kadhaa iliyopita, nasi tukadhani tumemalizana na saratani. Kisha vipimo vya damu vikaanza kupanda, kidogo kidogo. Daktari akasema huenda ugonjwa umerudi, ila hajui umejificha wapi. Akamwandikia picha ya kisasa: mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, dawa hiyo hujishika kwenye saratani popote ilipo, halafu mashine hupiga picha ya mwili mzima, na penye ugonjwa huonekana panawaka. Picha ilipigwa Nairobi. Kaka yangu alimpeleka kwa ndege, na jioni ile ile wakarudi Likoni.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimehamia kwa wazee kungoja kujifungua, na siku nzima roho ilikuwa juu juu. Niliposikia lango nikatoka haraka kumpokea na kumbusu mkono, kama tulivyolelewa. Baba akarudi nyuma, akauficha mkono kwenye kanzu.

"Usinisongelee, mwanangu. Wameniambia leo nisikae karibu na mja mzito. Dawa yao bado imo mwilini."

Nilielewa, na bado niliudhika. Nilimwambia kaka kwamba watu wa hospitali hawana huruma, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Mama akamtandikia baba mkeka uani, upande wa mbali, karibu na tangi la maji. Nami nikavuta kiti dirishani. Tukazungumza hivyo, kwa kupaza sauti, kama majirani wanaoulizana habari za umeme. Akanieleza jinsi mashine inavyokumeza, na jinsi usivyoruhusiwa kujitikisa. "Na pua, wallahi, ikachagua kuwasha wakati ule ule." Nikacheka. Majibu yangetoka baada ya siku chache. Hakuyataja, nami sikuuliza.

Tulipokwisha kuswali magharibi, alisimama pale uani, akaelekea kibla, akaweka mikono masikioni, akaadhini. Aliadhini polepole, kwa sauti ya chini. Jirani yetu, mzee mwenye masikio mepesi, akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama isha imeshaingia.

"Bado, sheikh," baba akamjibu. "Hii ni ya mjukuu."

Nyumbani kwetu mtoto akizaliwa huadhiniwa sikioni, na wajukuu wote waliotangulia, baba ndiye aliyewaadhinia.

"Lakini baba," nikasema, "mtoto hajazaliwa."

"Najua." Akakaa tena mkekani. "Na mimi sijapata majibu."

Nilimpenda mno wakati ule, na niliogopa. Nikasimama, nikaliegemeza tumbo kwenye nondo za dirisha, nikamwambia arudie, maana mtoto alikuwa amelala.

Akainuka, akaanza upya. Akaadhini yote mpaka mwisho.